Pedi ya mafunjo haivuji?

Msomaji wa Bwaise ametuuliza: "Nasikia hapa kwetu Kawempe kuna pedi za mafunjo. Mmea unaoishi ndani ya maji utazuiaje maji? Si zitavuja?" Swali limekaa kichwa chini miguu juu, na ndiyo maana nimelipenda. Kazi ya pedi si kuzuia maji. Kazi yake ni kuyanywa.

Pedi zenyewe ni MakaPads. Alizibuni Dkt. Moses Kizza Musaazi, mhadhiri wa uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Makerere, mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ufadhili wa Rockefeller Foundation. Kampuni yake, Technology for Tomorrow, iliweka karakana Kawempe, na wakimbizi wa Kyaka II nao wakafundishwa kuzitengeneza. Kwa nini zilihitajika, kila mzazi mwenye binti anajua: pedi za dukani ni ghali, na msichana asiyekuwa nazo hukosa masomo. Tuyaache hayo, twende kinamasini.

Kata bua la mafunjo, yale Waganda wanayoyaita ebitoogo. Lina pembe tatu, gamba gumu la kijani, na ndani nyama nyeupe inayobonyea ukiiminya. Nyama hiyo imejaa vijia vya hewa. Mizizi imezama katika tope la kinamasi cha Lubigi lisilo na oksijeni, kwa hiyo mmea hujipelekea hewa kutoka juu kupitia bua. Kwa mtengeneza pedi, uwazi huo ndio mali: panapokaa hewa patakaa maji.

Lakini uwazi mpana ni mnywaji mvivu, na hapa ndipo utamu wa mambo ulipo. Maji kupanda yenyewe kwenye njia nyembamba, vitabu vya shule hukuita "kapilari". Mimi nitasema mnyweo, kwa kuwa "ufyonzaji" unanukia pampu, na hapa hakuna pampu yoyote.

Itazame tadooba, ile taa ya kopo na utambi. Mafuta ya taa yako chini kwenye kopo, moto uko juu, na hakuna anayeyasukuma. Mafuta hushikamana na uzi wa pamba, yakatambaa juu yake. Yaliyotangulia huyavuta yanayofuata, maana nayo yameshikana. Nyuzi zikikaribiana, kila tone lina kuta nyingi za kushika, kwa hiyo hupanda mbali zaidi. Ndiyo sababu mafuta yakipungua koponi, utambi uliolegea hutangulia kuzima. Ila ukiukaza kupita kiasi, njia zinakuwa nyembamba mno, mafuta yanapita kwa taabu na moto unakuwa mdogo. Fundi wa tadooba anatafuta katikati: nyuzi zikaribiane kiasi cha kuvuta, ziachane kiasi cha kupitisha. Fundi wa pedi naye anatafuta hapo hapo.

Hesabu yake ni nyepesi. Katika mrija wa kioo wenye kipenyo cha milimita 2, maji hupanda kama milimita 15. Punguza kipenyo mara 10, yatapanda kama sentimita 15. Wembamba ndio nguvu.

Sasa hatua za karakanani zinaeleweka. Gamba linamenywa kwa sababu halinywi. Nyama inapondwa ili vijia vipana vivunjike viwe vingi vyembamba, kisha inaanikwa juani maji yake yatoke. Halafu inachanganywa na karatasi taka. Karatasi nyeupe ya ofisini imekwisha kuondolewa lignini, ile gundi inayoupa mti ugumu, ikabaki selulosi ambayo maji huishika kwa urahisi. Jaribu nyumbani: tumbukiza ncha ya karatasi ya chooni na ncha ya ukanda wa gamba la mafunjo katika chai, uone chai inapanda katika ipi. Mwisho vijidudu vya pedi huuawa kwa mionzi ya urujuanimno.

Wazo la kutumia selulosi lina historia ndefu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Kimberly-Clark ya Marekani ilitengeneza bandeji za massa ya mbao. Manesi waliokuwa Ufaransa wakazigeuza pedi, na mwaka 1920 Kotex ikaingia sokoni. Musaazi aliacha msitu akachukua kinamasi, ambacho kiko jirani na mafunjo yake hukatwa yakachipua tena.

Tofauti ipo, tuitaje: pedi nyingi za viwandani zina chembe za polima zinazofungia maji ndani yake, wakati mafunjo huyaweka katika nafasi baina ya nyuzi, na nafasi ikikandamizwa hurudisha kidogo. Damu pia ni nzito kuliko chai.

Kwa hiyo ukifika dukani, usimhoji muuzaji kama mmea wa majini unaweza kuvuja. Muulize pedi inabeba kiasi gani ikiwa imekaliwa, na inachukua muda gani kunywa. Majibu hayo mawili yanatosha kuchagua, iwe ya mafunjo au ya ng'ambo.