Upimaji wa Gesijoto Zitokanazo na Mikopo ya Benki: Ukokotoaji na Mipaka ya Tafsiri Yake

Umeme na mafuta ya magari yanayotumiwa na benki ni rahisi kupimwa, kwa kuwa ankara zake zimo ofisini mwake. Hata hivyo, sehemu kubwa ya athari za benki kwa mazingira hutokea katika viwanda, mashamba na nyumba zinazogharimiwa na mikopo yake. Itifaki ya Gesijoto, ambayo ni msingi wa hesabu hizi duniani, huiweka athari hiyo katika wigo wa tatu, kundi la 15, yaani uwekezaji. Makala hii inafafanua namna athari hiyo inavyokokotolewa na mipaka ya kuitafsiri.

Mbinu inayotumika sana ilianzia Uholanzi mwaka 2015, taasisi za fedha za nchi hiyo, ikiwemo ASN Bank, zilipoanzisha ushirikiano wa kuhesabu kaboni ujulikanao kwa kifupi kama PCAF. Ushirikiano huo ulipanuliwa kimataifa mwaka 2019, na kiwango chake cha kimataifa kikatolewa mwaka 2020.

Msingi wa mbinu hiyo ni mgawo. Kwa kampuni isiyouza hisa sokoni, salio la mkopo hugawanywa kwa jumla ya mtaji na madeni ya kampuni. Uwiano unaopatikana huzidishwa kwa gesijoto zote zilizotolewa na kampuni kwa mwaka. Kwa mfano wa kubuni, kiwanda cha saruji kina mtaji wa shilingi bilioni 60 na madeni ya shilingi bilioni 40, na hutoa tani 50,000 za gesijoto. Benki inayokidai shilingi bilioni 20 hubeba asilimia 20 ya gesijoto hizo, yaani tani 10,000.

Iwapo mwaka unaofuata kiwanda kitalipa shilingi bilioni 10 kwa fedha zilizokopwa kwingine, mgawo wa benki ya kwanza utashuka hadi tani 5,000. Taarifa yake itaonesha punguzo la nusu, ilhali moshi wa kiwanda haujapungua hata kidogo. Deni limehama tu.

Tatizo la pili ni ubora wa takwimu. PCAF huupanga katika ngazi tano: ya kwanza ni ya takwimu zilizopimwa na kuhakikiwa, na ya tano ni ya makadirio yanayotegemea wastani wa sekta. Pale ambapo wakopaji wengi ni wafanyabiashara wadogo wasio na kumbukumbu za nishati, benki hulazimika kutumia ngazi ya chini. Katika ngazi hiyo, salio la mkopo huweza kuzidishwa moja kwa moja kwa wastani wa sekta. Hivyo basi, msaga nafaka anayekopa zaidi ili aache mashine ya dizeli na kununua ya umeme huonekana kuongeza uchafuzi.

Suala hili linazihusu pia benki za Afrika Mashariki, kwani Benki Kuu ya Kenya mwaka 2021 na Benki Kuu ya Tanzania mwaka 2022 zilitoa miongozo kuhusu athari za kifedha zitokanazo na mabadiliko ya tabianchi.

Kwa hiyo, jumla ya tani pekee haitoshi kuthibitisha maendeleo. Taarifa ya benki inapaswa kutenganisha badiliko lililotokana na salio la mikopo, lililotokana na thamani ya kampuni, na lililotokana na upungufu halisi wa gesijoto kwa mkopaji, pamoja na kutaja ngazi ya ubora wa takwimu zilizotumika.