Waraka Haunawi Mikono

"Wauguzi wa siku hizi wabishi. Tuwaongezee semina?" Swali hili nimeulizwa tena hapa Sirari, safari hii na mjumbe wa kamati ya afya, mtu mwenye nia njema kabisa. Nimechoka nalo.

Ndugu mjumbe, tupige hesabu. Wodi ina vitanda 20, zamu ya usiku ina muuguzi mmoja. Utaratibu mpya, huo wanaodaiwa kuubishia, unamtaka anawe mikono kabla na baada ya kumgusa mgonjwa. Akimgusa kila mmoja mara tatu tu, atanawa mara 120. Kunawa sawasawa kwa sabuni ni sekunde 40 hadi 60. Hapo dakika 80 hadi saa mbili zaishia kwenye sinki, na sinki lenyewe liko kule mlangoni. Sasa semina itamfundisha nini? Faida ya kunawa aliijua chuoni. Atakula wali kuku, atasaini posho, atarudi kwenye sinki lile lile.

Waraka wa vitisho ni mbaya zaidi: unawazoesha watu kunawa bosi akipita. Na amri peke yake haitoshi. Mwaka 1847 kule Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliamuru mikono ioshwe kwa klorini. Vifo vya wazazi vikashuka kutoka kama asilimia 18 mwezi Aprili hadi karibu 2 mwezi Juni. Takwimu alikuwa nazo, wenzake hakuwa nao. Hospitalini Geneva, kati ya 1994 na 1997, daktari Didier Pittet na timu yake walisogeza chupa za kitakasa mikono hadi vitandani, wakawaonyesha wahudumu matokeo yao wenyewe. Usafi wa mikono ukapanda kutoka asilimia 48 hadi 66. Hata huko theluthi ilibaki.

Mwaka 2020, wakati wa korona, hapa mpakani ndoo za koki zilikaa milangoni mwa maduka, watu wakanawa. Ndoo zilipoondoka, kunawa kukaondoka nazo. Watu hao hatukuwaita wabishi.

Basi haraka haraka: anzeni na wodi moja. Sista inchaji akae na wauguzi na wahudumu wa usafi kabla waraka haujaandikwa. Chupa ya kitakasa kila kitanda. Kujipaka ni sekunde 20 hadi 30. Mikono yenye damu bado ni maji na sabuni, na glavu haifuti kunawa. Mmoja ahesabu wanaonawa bila kutaja majina, idadi isomwe wakati wa kukabidhiana zamu. Daktari anawe wa kwanza. Na lile fungu la semina, mjumbe, uliza kwanza koki ni shilingi ngapi.