NANI ATANGULIE KUTIBIWA?
Jinsi wagonjwa wa dharura wanavyopangwa hospitalini

Katika chumba cha dharura cha hospitali wameketi wagonjwa wawili. Wa kwanza ni kijana aliyepasuka kichwani. Shati lake limelowa damu, na wenzake wanapaza sauti kumdai daktari. Wa pili ni mama mzee aliyeletwa na binti yake. Hana jeraha lo lote wala halalamiki. Ameinamisha kichwa tu. Daktari aliye na nafasi ni mmoja. Je, nani atangulie?

Watu wengi wangemchagua kijana. Muuguzi aliyefunzwa kazi hii hachagui kwa kutazama damu wala kwa kusikiliza kelele. Hupima kwanza.

Asili ya utaratibu

Wakati wa vita vya Napoleon, Dominique Jean Larrey, mganga mpasuaji wa jeshi la Ufaransa, alishikilia kwamba aliyejeruhiwa vibaya zaidi atibiwe kwanza, pasipo kujali cheo chake. Msingi huo ungali unafuatwa. Kilichoongezeka ni vipimo.

Mwaka 2004 wataalamu wa Cape Town, Afrika ya Kusini, walianza kutunga utaratibu unaozifaa hospitali zenye wagonjwa wengi na madaktari wachache, nao baadaye ukaenea katika nchi nyingine. Kwa mtu mzima, muuguzi huangalia mambo saba: uwezo wa kutembea, idadi ya pumzi kwa dakika, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, joto la mwili, hali ya fahamu, na kama mgonjwa ana jeraha. Jambo lililo la kawaida hupewa sifuri. Likiachana na kawaida hupewa alama, zisizozidi 3.

Jumla ikiwa 7 au zaidi, mgonjwa hupewa rangi nyekundu, naye hutibiwa mara moja. Alama 5 au 6 ni rangi ya machungwa: asingoje zaidi ya dakika 10. Alama 3 au 4 ni njano: atibiwe katika muda wa saa moja. Chini ya hapo ni kijani: aweza kungoja hadi saa 4.

Hesabu ya wagonjwa wawili

Kijana anatembea mwenyewe na fahamu zake ni timamu. Joto na shinikizo lake ni la kawaida. Pumzi zake ni 18 (alama 1), mapigo 104 (alama 1), na ana jeraha (alama 1). Jumla ni 3: njano. Ngozi ya kichwa ina mishipa mingi ya damu, hivyo hata mkato mdogo huvuja sana. Lakini kitambaa kilichokandamizwa kimekwisha kuizuia damu.

Mama mzee hutembea kwa kushikwa mkono (1). Pumzi zake ni 24 (2), mapigo 118 (2), shinikizo la juu 95 (1), na joto nyuzi 39 (2). Jumla ni 8: nyekundu.

Sababu yake ni hii. Maradhi makali yanapozinyima seli oksijeni ya kutosha, ubongo huyaamuru mapafu na moyo viharakishe, na mishipa hujibana ili shinikizo lisishuke. Kwa muda mwili huificha hatari. Kwa hiyo pumzi huongezeka mapema, ilhali shinikizo hushuka akiba inapokaribia kwisha. Ukimya wa mama yule si nafuu, ni uchovu.

Hata hivyo, hesabu peke yake haitoshi. Mwenye maumivu ya kifua aweza kupata alama 1 tu, lakini hupewa rangi ya machungwa kwa kuwa huenda moyo wake umeshambuliwa. Watoto wana jedwali lao, maana kwa kawaida hupumua upesi kuliko watu wazima. Tena, ye yote anayengojea hupimwa upya, kwani njano ya sasa yaweza kuwa nyekundu baadaye. Mahututi akipewa kijani, aweza kufia kwenye benchi. Na kila mtu akipewa nyekundu, rangi hiyo haina maana tena.

Jaribio la darasani

Mwanafunzi na ahesabu pumzi za mwenzake aliyetulia kwa dakika nzima, kisha azihesabu tena baada ya mwenzake kukimbia. Afadhali mwenzake asijue anahesabiwa, maana ajuaye hubadili upumuaji wake. Kifaa kinachohitajiwa ni saa yenye mshale wa sekunde tu. Na kwa saa kama hiyo ndipo hatari ya mama mzee ilipoanza kuonekana.