Kujifunza Mapigo ya Agbadza: Silabi, Mkono na Lugha ya Ngoma

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwanafunzi anavyojifunza mapigo ya Agbadza, ngoma mashuhuri ya Waewe wa kusini-mashariki mwa Ghana na wa Togo, na kuonyesha kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi tunaofundisha lugha. Kwa kawaida mambo ya ngoma huachiwa idara za muziki, na wanaisimu huridhika na maneno ya nyimbo. Hoja yetu ni kwamba mapigo ya Agbadza huingia kwanza kinywani, kwa silabi, kabla ya kuingia mikononi. Asiyezichunguza silabi hizo hawezi kueleza barabara jinsi ngoma hiyo inavyopigwa, wala jinsi inavyokumbukwa kutoka kizazi kimoja hadi kingine.

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiewe ngoma huitwa ʋu, na konsonanti yake hutamkwa kwa midomo miwili, tofauti na v ya Kiswahili. Neno hilo lina maana ya chombo kinachopigwa, upigaji wake, na uchezaji unaoandamana nao. Msomaji wa Kiswahili hatalishangaa, kwani neno letu ngoma hubeba maana hizo hizo: ngoma hupigwa, ngoma huchezwa, na watu huenda ngomani. Kofi Agawu, mtaalamu wa muziki ambaye mwenyewe ni Mwewe, alieleza katika kitabu chake cha 1995 kuhusu Waewe wa kaskazini kwamba lugha yao haina neno moja linalotaja mapigo peke yake, yakiwa yametengwa na usemi, uimbaji na uchezaji. Basi mwanafunzi anayetaka kujifunza "mapigo tu" anaomba kitu ambacho lugha ya wenyeji haikukikata hivyo.

Ala na kazi zake

Husimuliwa kwamba Agbadza ilitokana na ngoma ya vita iitwayo Atrikpui. Siku hizi huchezwa na watu wa rika zote katika mazishi, sherehe na mikutano ya furaha. Ala zake za msingi ni tano. Ya kwanza ni gankogui, kengele ya chuma yenye vinywa viwili, kimoja cha sauti nene na kingine cha sauti nyembamba. Ya pili ni axatse, kibuyu kilichovishwa wavu wa shanga, ambacho kazi yake yafanana na ya manyanga yetu. Kisha zipo ngoma tatu: kaganu, iliyo ndogo na yenye sauti kali, ambayo mtu wa pwani angeweza kuifananisha na chapuo, kidi, ya kati, na sogo, iliyo kubwa kuliko hizo mbili, ambayo katika Agbadza ndiyo ngoma kuu. Kaganu na kidi hupigwa kwa mikwiro, na sogo mara nyingi kwa viganja.

Msingi wa yote ni kengele. Tukigawa mzunguko mmoja katika vipindi 12 vidogo vilivyo sawa, kengele hulia mara saba, nazo nafasi kati ya mapigo yake ni 2, 2, 1, 2, 2, 2 na 1. Hapa chini alama ya X ni pigo, na nukta ni kimya. Mstari wa kwanza unaonyesha hatua nne za miguu ya mchezaji:

Miguu: X . . X . . X . . X . .
Gankogui: X . X . X X . X . X . X
Axatse: pa . pa ti pa pa ti pa ti pa ti pa
Kaganu: . X X . X X . X X . X X

Msomaji akiilinganisha mistari hii ataona mambo mawili. Kwanza, katika hatua nne za miguu, kengele hukutana na mbili tu, ile ya kwanza na ile ya nne; hatua ya pili na ya tatu hukanyagwa pasipo msaada wake. Pili, kaganu haikutani na miguu hata mara moja. Kazi yake ni kujaza nafasi ambazo miguu imeziacha, na ndiyo sababu sehemu hiyo, ambayo kwa macho ni rahisi kuliko zote, humtoa jasho mwanafunzi mgeni. Akiipiga peke yake, baada ya muda mfupi sikio humdanganya: huanza kulisikia pigo la kwanza la mkwiro kuwa ndilo penye mguu, na hapo amekwisha kuhama mahali pake bila kujua. Dawa yake ni kuyasikiliza mapigo ya wenzake na kuyaweka yake ndani ya hayo.

Silabi kabla ya mikono

Mwalimu humsaidiaje mwanafunzi huyo? Mara nyingi hamhesabii. Humwimbia. Tumeandika mstari wa axatse kwa silabi makusudi, kwa kuwa ndivyo unavyofundishwa: pa ni kibuyu kikishuka juu ya paja, na ti ni kibuyu kikipanda kukutana na kiganja. Silabi za pa hufuata mapigo ya kengele, na silabi za ti hujaza baadhi ya nafasi zilizobaki. Mwanafunzi anayeweza kuutamka mstari huo bila kukwama huku miguu yake ikitembea hatua nne amekwisha kuupata. Kilichobaki ni mikono kutii. Majina ya kidi na kaganu nayo, yakitamkwa, huiga milio ya ngoma zenyewe.

Jambo hili si geni kwa wanafunzi wa ushairi wa Kiswahili. Tunafundisha kwamba mshororo wa utenzi una mizani 8, na ule wa shairi mizani 16, nane kila upande. Lakini malenga hakujifunza utungo kwa kuhesabu vidole. Alisikia mahadhi tangu utotoni, na mshororo ulipopungua mizani moja, sikio lake ndilo lililomwambia. Hesabu ni chombo cha mchambuzi, tena chombo chema. Ila ukimpa mwanafunzi kabla ya sauti, atajua idadi asijue utungo. Ndivyo ilivyo kwa vile vipindi 12 tulivyovitaja.

Mazungumzo ya sogo na kidi

Mwanafunzi aliyekwisha kushika kengele, kibuyu na kaganu huingia katika kidi, na hapo kazi hubadilika. Kidi ina mapigo ya namna mbili: ya wazi, ambapo mkwiro huruka juu ya ngozi, na ya kubana, ambapo hukaliza ngozi na kuzuia mlio. Mapigo ya wazi ndiyo jibu kwa sogo. Ya kubana hulinda mwendo hadi jibu lijalo. Mpigaji wa sogo huleta dhamira, akaigeuza na kuirefusha, kisha akaleta nyingine. Mpigaji wa kidi hana budi kuzitambua dhamira hizo, ajue ipi yataka jibu gani. Ni kama waitikiaji wa wimbo wa kupokezana, ambao wanapaswa kuusikiliza mdomo wa mwimbishaji. Fundi anayeongoza sogo, ambaye Waewe humwita azaguno, huzijua sehemu zote, kwa sababu dhamira yake haina maana pasipo jibu.

Hapa ndipo penye mjadala wa wataalamu. A. M. Jones, aliyepata kuwa mmisionari katika nchi ambayo leo ni Zambia, alichunguza ngoma za Waewe huko London kwa msaada wa mpigaji Desmond Tay. Alibuni mtambo uliorekodi mapigo ya wapigaji kwa alama juu ya karatasi inayotembea, na mwaka 1959 akatoa kitabu chake cha juzuu mbili, Studies in African Music. Kazi yake ilikuwa ya uangalifu mkubwa. Lakini alipoandika muziki huo alikipa kila chombo mistari yake ya vipimo, kana kwamba kila mpigaji anakwenda njia yake. Wataalamu wa baadaye, Agawu miongoni mwao, wameupinga uandishi huo, wakisema kwamba wapigaji wote hutegemea mwendo mmoja. Kwa maoni yetu hoja yao ina nguvu, kwa kuwa mwendo huo huonekana wazi miguuni mwa wachezaji, ambao mtambo wa Jones haukuwaandika.

Toni na maana

Kiewe ni lugha ya toni: neno hubadilika maana kwa kupanda au kushuka kwa sauti. Ngoma yenye uwezo wa kutoa sauti za juu na za chini yaweza basi kuiga kirai cha lugha, na msikilizaji akakitambua. J. H. Kwabena Nketia, katika kitabu chake cha 1963 kuhusu ngoma za Waakan, alitenga namna tatu za upigaji: wa ishara, wa usemi, na wa uchezaji. Agbadza kwa sehemu kubwa ni ya namna ya tatu. Hata hivyo mipaka si kuta, na fundi aweza kuipa dhamira ya sogo maneno yanayomsaidia mwanafunzi kuikumbuka.

Tukumbuke lakini kwamba toni na urefu wa silabi peke yake havitoshi kutenga neno na neno. John Carrington, aliyechunguza ngoma za Walokele karibu na Kisangani na kuandika kitabu mwaka 1949, alieleza jinsi wapigaji wanavyorefusha neno fupi liwe kirai kizima ili lisichanganywe na jingine lenye toni zile zile. Kwa hiyo mapigo mamoja yanaweza kusomwa kwa maneno mbalimbali, na anayejua yapi yalikusudiwa ni yule aliyefundishwa. Karibu nasi, kila ukoo wa Baganda una mubala wake, yaani mapigo ya ngoma yenye maneno yake. Aliyeyasikia mapigo bila maneno amepata nusu ya urithi.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kujifunza Agbadza ni kujifunza kuyasikia mapigo yako ndani ya mapigo ya wenzako, na kwamba silabi za mwalimu ndizo daraja la kufikia huko. Jambo hili lina matokeo kwa kazi yetu ya kukusanya fasihi simulizi. Mkusanyaji anayerudi na kanda ya ngoma, na maneno ya wimbo yaliyonukuliwa vizuri, amefanya kazi njema, lakini ameacha kitu muhimu nyuma. Yampasa amwombe fundi ayatamke mapigo kwa kinywa, chombo kimoja baada ya kingine, aziandike silabi hizo pamoja na toni zake, na aulize kama zina maneno. Milio ya ngoma huweza kusikika tena katika kanda miaka mingi baadaye. Silabi na maneno ambayo fundi hakuulizwa hutoweka siku anapofariki, na hakuna mtambo utakaoyatoa katika mlio peke yake. Mafundi waliopo yafaa waulizwe sasa, na wa kuwauliza ni sisi wa idara za lugha pamoja na wenzetu wa muziki.