Kusimama si Kushindwa

Katika visiwa vyetu baiskeli ni chombo cha kila siku: humfikisha mkulima shambani, mvuvi dikoni na mwanafunzi skuli. Kwa sababu hiyo aghalabu twaiona kuwa jambo jepesi, tukasahau kwamba chombo hicho hicho, kikiingizwa milimani na jangwani, humtia mtu katika mtihani mkubwa. Leo twapenda kukumbusha tukio moja la Oman, nchi ambayo wengi wetu tuna jamaa huko, kwani lina funzo kwa wananchi na kwa viongozi pia.

Mbio za baiskeli za Oman zilianzishwa mwaka 2010. Katika mbio za mwaka 2015, tarehe 20 Februari, waendeshaji waliupanda Jabal Akhdhar, na Rafael Valls wa Hispania akashinda. Kesho yake ilipangwa safari ndefu kutoka pwani ya Al Sawadi hadi Muscat.

Tufani ya mchanga iliwatangulia njiani. Waandaaji wakahamisha mahali pa kuanzia na kuifupisha safari, ikabaki mizunguko ya kilima cha Bousher na Al Amerat. Huko adui wa pili alikuwa akingoja, naye ni jua. Joto lilipita digrii 40. Katika mteremko ule mkali kila mmoja alikuwa ameshika breki. Ringi zikapata moto, hewa ikatanuka, na mipira ikaanza kupasuka.

Yafaa ieleweke kwamba waendeshaji hao hawaendi mmoja mmoja. Hufuatana gurudumu nyuma ya gurudumu, wa mbele akikata upepo na wa nyuma akipata nafuu, kisha hupokezana zamu. Ushirika huo ndio nguvu yao. Lakini katika mteremko wa kasi, mpira mmoja ukipasuka, anayeanguka si mtu mmoja.

Basi wakasimama kivulini, chini ya daraja, wakakataa kuendelea. Miongoni mwa waliosema kwa niaba ya wenzao alikuwa Fabian Cancellara wa Uswisi, mshindi wa mbio za kwanza za mwaka 2010. Eddy Merckx wa Ubelgiji, bingwa wa Tour de France mara 5 na mmoja wa waandaaji, hakupendezwa. Hata hivyo, baada ya mashauriano, mbio za siku ile zilifutwa.

Wako wanaoweza kuuita uamuzi ule udhaifu. Sisi hatukubaliani nao. Watu waliokwisha kupanda Jabal Akhdhar siku moja kabla hawawezi kuitwa waoga. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliye juu ya baiskeli ndiye aliyeujua moto wa ringi, wala si aliyekaa garini. Na tangu mwaka 2016 chama cha kimataifa cha mchezo huo, UCI, kina utaratibu maalumu wa hali mbaya ya hewa, ambao huwakutanisha waandaaji, waamuzi, daktari na wawakilishi wa waendeshaji ili waamue pamoja.

Hapo ndipo penye funzo letu. Visiwani kwetu hakuna jangwa, lakini jua la Kaskazi tunalijua. Kila anayepanga mashindano, gwaride au kazi ya kujitolea hana budi kujiuliza mapema: maji yako wapi, kivuli kiko wapi, na nani ana idhini ya kusema basi? Majibu yapatikane kabla ya siku yenyewe, na katika kuyatafuta wasikizwe wale watakaolitoa jasho. Ratiba imewekwa kwa ajili ya watu. Watu hawakuumbwa kwa ajili ya ratiba.

Tarehe 22 Februari mbio ziliendelea hadi Matrah, na Valls akatawazwa mshindi. Hakuna kilichoharibika kwa kusimama siku moja. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi akifa, koleo zima lafaa nini?