Milango ipanuliwe wakati wa Kusi

Hoteli za Malindi na Watamu huajiri kwa misimu. Kaskazi ikivuma, vibarua huitwa: wa jikoni, wa dobi, wa bustani, wa mapokezi. Kusi ikiingia na mvua za masika, hoteli nyingi hufungwa na mafundi huingia kupaka rangi na kuziba nyufa. Anayetaka watu wenye ulemavu wapate kazi katika pwani hii aitazame kwanza kalenda hiyo.

Tumezoea kudai nafasi za kudumu serikalini. Ila Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilitaja waziwazi asilimia 5 ya kazi za vibarua, za dharura na za mkataba, hata katika kampuni za binafsi. Sheria mpya, iliyotiwa saini Mei 2025, inambana kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awatengee asilimia hiyo 5 ya nafasi. Hoteli yenye wafanyakazi 60, hesabu yake ni watu 3. Watatu tu!

Wenye hoteli huogopa gharama. Sheria ya 2003 iliwafikiria: robo ya mshahara wa mfanyakazi huyo, na nusu ya gharama ya kurekebisha jengo, viliweza kuondolewa kwenye mapato kabla ya kodi kukokotolewa. Kwa mshahara wa shilingi 20,000, robo ni 5,000. Kodi ya kampuni ikiwa asilimia 30, nafuu ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Ni kidogo, nakubali. Lakini kupanua mlango fundi akiwa tayari yuko kazini, saruji imeshakorogwa, nako ni gharama ndogo. Kuubomoa Disemba, wageni wamejaa, ndiko kunakoumiza. Tena si kila mtu anahitaji mlango mpana. Kijana kiziwi aliyesoma Kibarani, hapo Kilifi, akiwekwa dobi atahitaji taa badala ya kengele, na msimamizi aliyejifunza ishara chache za kazi.

Kinachonisumbua zaidi ni karatasi. Ili mwajiri apate nafuu ile, mfanyakazi alipaswa awe amesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na kabla ya kusajiliwa mtu hupimwa hospitalini. Mama wa Bamba au Marafa, huko bara ya Kilifi, asiyeweza kutembea hulipa nauli yake na ya anayemsindikiza, kabla hajapata hata siku moja ya kibarua. Wapimaji ndio wamfuate. Wakifika Marafa mwezi wa Juni, hoteli zikifunguliwa Julai majina yatakuwa mezani.