Kwa nini gari kuukuu hutetemeka kiyoyozi kikiwashwa

MADEREVA wanaopanga foleni ya feri ya Likoni katika joto la Februari huijua vyema hali hii. Mara tu kiyoyozi kinapowashwa, gari la miaka mingi huanza kutetemeka, taa hufifia, na wakati mwingine injini huzimika papo hapo.

Wengi hukilaumu kiyoyozi. Hata hivyo, mara nyingi kiyoyozi huwa kimefichua tu udhaifu uliokuwa umejificha kwenye injini.

Kompresa, ambayo ndiyo moyo wa kiyoyozi, haina nguvu zake yenyewe. Huzungushwa na mkanda unaoendeshwa na injini, na kazi yake ya kuishindilia gesi ni nzito. Gari likiwa mbioni mzigo huo hauhisiki sana. Lakini likiwa limesimama, injini ndogo ya petroli huzunguka mara 700 au 800 hivi kwa dakika, na nguvu inazotoa ni za kujiweka hai tu. Klachi ya sumaku inaponasa, mzigo huja kwa ghafla, mithili ya hamali aliyeongezewa gunia la pili bila kuonywa.

Watengenezaji waliliona hilo mapema. Katika magari ya kabureta, kidude kinachoendeshwa kwa mvuto wa hewa ya injini hukifungua kidogo kilango cha kabureta kila kiyoyozi kinapowashwa. Katika magari yaliyofuata, ambayo mafuta yake hudhibitiwa na kompyuta, kazi hiyo hufanywa na vali inayopitisha hewa kando ya kilango. Kompyuta hupata habari kwamba kiyoyozi kinataka kuanza, nayo ikaongeza hewa na petroli. Magari mengi ya miaka ya 1990 yaliyoletwa Kenya kutoka Japani yakiwa yametumika ni ya aina hii ya pili.

Hapo ndipo umri hujitokeza. Masizi hujikusanya ndani ya vali na kandokando ya kilango hadi njia ya hewa ikawa nyembamba. Mipira ya hewa hupasuka, plagi nazo huchakaa. Matope yakiziba kondensa, ile iliyo mbele ya rejeta, presha ya gesi hupanda na kompresa ikawa nzito zaidi. Kadhalika fundi akijaza gesi kupita kiasi.

Cha kusikitisha ni kwamba baadhi ya mafundi wa kando ya barabara hutibu yote hayo kwa bisibisi. Huizungusha skrubu ya kabureta au ya kilango ili injini izunguke kwa kasi zaidi. Kweli gari halizimiki tena, lakini kiyoyozi kikizimwa injini huvuma ovyo, petroli huteketea, na gari la gia za otomatiki hutaka kuondoka lenyewe dereva akiachilia breki. Kusafisha vali na kilango na kubadilisha mpira uliopasuka hugharimu kidogo mno kuliko kompresa mpya.

Tena kuzimika si usumbufu mtupu. Injini ikifa, usukani huwa mzito, na breki zikishakanyagwa mara mbili tatu hugeuka ngumu kama jiwe. Katika mteremko wa kuingilia feri, dereva mwenye gari la aina hiyo ni heri akizime kiyoyozi, ateremshe vioo na kulistahimili joto hadi atakapovuka.